Mfalme wa majini na suruali yake ya kubana

Swali: Shikamoo Bi. Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe, kila siku lazma nipite Shangani kwenye nyumba ya Freddie Mercury. Juzi mama mmoja wa Kiingereza akanambia Freddie anampenda lakini aliyemlea utotoni ni David Bowie, tena si kwa nyimbo, kwa ile filamu yake ya Labyrinth. Usiku nikaitafuta nikaangalia na wenzangu. Bi, tulicheka mpaka mbavu zikauma, mwanamme mzima nywele kama jogoo kanyeshewa, kapaka wanja, suruali imembana vile, anaimba na midoli. Wenzangu wanasema njaa ilimpiga akachukua kazi yoyote. Lakini mie bado namfikiria yule mama, manake alipokuwa anaielezea machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hii ni filamu mbaya inayopendwa kwa makosa, au mimi ndo sikuona kitu? Na Bowie alikuwa mwigizaji kweli au jina tu?

Jibu:

Marahaba mwanangu, na wenzako nisalimie. Swali lako nimelisoma mara tatu. Umecheka, halafu ukakaa ukafikiri, na hicho cha pili ndo kilichonifanya nikuandikie kirefu, manake filamu hii naijua kipande kwa kipande, mkanda wake uliingia nyumbani kwetu mwaka 1988 na mpaka leo sijachoka nayo.

Kwanza hilo la njaa tuliondoe njiani. Mwaka 1985, wakati wanaipiga filamu kwenye studio za Elstree huko nje ya London, Bowie hakuwa na njaa hata kidogo. Miaka miwili nyuma katoa albamu ya Let's Dance iliyouza kuliko zote alizowahi kutoa, kazunguka nayo dunia anajaza viwanja, na mwezi wa Julai mwaka huohuo wa 85 akapanda jukwaa la Wembley kwenye Live Aid, lile tamasha kubwa la hisani, siku moja na huyu Freddie wetu. Tena ndo kwanza alikuwa kakataa kuwa adui wa James Bond, ile nafasi ya Max Zorin kwenye A View to a Kill alipelekewa yeye akasema hapana, ikaenda kwa Christopher Walken. Sasa yakhe, mtu anaekataa Bond akakubali kuimba na vikaragosi, huyo hakusukumwa na njaa, huyo kachagua.

Na alichagua kwa macho mawili. Jim Henson, muongozaji wa filamu hii, yule bwana wa midoli ya televisheni ya Muppets, alimfata tangu mwaka 1983 Bowie akiwa kwenye ziara Marekani, akamuonesha michoro ya Brian Froud, yale madude yenye pua ndefu na masikio ya popo unayoyaona mle ndani. Bowie mwenyewe alieleza baadae kwamba siku nyingi alikuwa na hamu ya kuandikia muziki filamu ambayo mtoto na mzee wanaweza kukaa pamoja wakaitazama, na Henson alimuachia mkono, nyimbo afanye anavyotaka. Alikuwa na mtoto wake wa kiume pia, kazaliwa 1971, kijana wa miaka kumi na kitu wakati huo, ambae leo ni muongozaji wa filamu. Kwaiyo ukitafuta sababu ya mwanamme mzima kuvaa vile, anzia hapo.

Sasa nikupe ya bibi yangu, manake yeye ndo alienifundisha kuitazama filamu hii, na hakuwahi kulisikia jina la Bowie maisha yake yote.

Mjomba wangu alikuwa na duka la kukodisha mikanda ya video Mlandege. Mikanda mingi ilikuwa ya kihindi, ya karate, na ile inayoletwa na jamaa wakitoka Muscat au Dubai ndani ya masanduku ya nguo. Labyrinth ilikuja hivyo, nakala ya nakala, rangi zimevuja, chini maneno ya kiarabu. Mie nna miaka 15, nikaiweka baada ya sala ya magharibi, bibi kakaa kwenye mkeka anasuka ukili, mie namfasiria. Unakumbuka mwanzo wake? Yule mtoto wa kike Sarah kaachiwa mdogo wake mchanga amlee, mtoto analia hanyamazi, msichana kachoka akaropoka kwamba majini yaje yamchukue. Bibi akaacha kusuka. Astaghfirullah, akasema, mtoto hatajwi hivo saa hizi. Halafu dirishani akaja bundi, anapiga mbawa kwenye kioo. Bundi, mwanangu! Nyumba yenye kichanga! Wewe ni mtoto wa Unguja, unajua bundi akilia juu ya paa wazee wanafanya nini. Bibi kaweka ukili chini kabisa. Bundi akaingia, akageuka, pale kwenye pazia kasimama Bowie na joho lake na wanja wake na zile nywele.

Wewe na wenzako hapo ndo mlipoanza kucheka. Bibi hakucheka. Alisema hivi, mpaka leo naisikia sauti yake: "Ndo mwenyewe huyo. Jini anaekutaka haji na mapembe, anakuja kapambika."

Nimesoma mengi yalioandikwa juu ya filamu hii na wataalamu wa kizungu, sijaona alieiweka sawasawa kama yule bibi na ukili wake.

Manake angalia alichosema na angalia filamu yenyewe. Jareth, huyo mfalme wa majini anaechezwa na Bowie, si adui wa kuja kumpiga mtu. Ni mshawishi. Anampa msichana saa 13 avuke ule mzingo wa kuta amkute mdogo wake katikati, lakini muda wote kazi yake ni kumtamanisha, chukua zawadi hii, sahau mtoto, kaa na mimi. Sasa mshawishi utamvisha nini? Ukimvisha sura ya kutisha msichana anakimbia na hadithi imekwisha. Lazima avae kinachomvutia msichana wa miaka 15 wa mwaka 1986, na msichana wa mwaka ule ndotoni kwake kuna nani kama si nyota wa roki? Huyu Froud alieleza kwamba Jareth katoka kichwani kwa Sarah, kwaiyo wakamshona kwa vipande vipande vya ndoto za wasichana, koti la ngozi la wahuni wa pikipiki, kidogo shujaa wa farasi wa zamani, kidogo rangi za uso za michezo ya jukwaani ya Kijapani, na mwanamuziki juu yake. Rudia dakika za mwanzo, angalia chumba cha Sarah taratibu. Kitandani na mezani pake vimejaa vitu vyote vitakavyotokea baadae, kisanamu kinachofanana na Jareth, picha ya zile ngazi zinazopanda na kushuka hapohapo, kisanduku cha muziki chenye mwanasesere wa kike anaezunguka. Na kwenye makato ya magazeti aliyobandika kuhusu mama yake, ambae ni mwigizaji, kuna mwanamme kasimama na huyo mama, ukiganda pale ukasogeza macho, sura ni ya Bowie. Wewe fikiri mwenyewe msichana anakuwa na hasira na nani nyumba ile.

Kwaiyo zile mbwembwe si makosa ya mwigizaji. Wamezipima. Mtu mwengine akicheza kwa utulivu na heshima, filamu ingekufa.

Na neno nimelisema, mbwembwe, tukae nalo kidogo manake hapa ndo pana jibu lako. Sisi watu wa visiwani tusijifanye hatuzijui mbwembwe. Umekulia nchi ambayo barza yake maarufu kuliko zote imepewa jina la filamu ya papa, unapita Jaws Corner kila siku na wageni wako. Waulize wazee wanaokunywa kahawa pale wakuhadithie Majestic ya Vuga ilivyokuwa ikijaa filamu mpya ya kihindi ikija. Nani aliwahi kusema Amjad Khan kajidhalilisha kwenye Sholay alipokuwa jambazi Gabbar? Na Mogambo je, Amrish Puri na ile sare yake ya dhahabu kwenye Mr. India ya 1987, kakaa kwenye kiti cha enzi anatangaza kwamba Mogambo kafurahi, dukani kwa mjomba watu wazima walikuwa wanamjibu kwa sauti moja, na watoto wa skuli wakirudi nyumbani wanajiita Mogambo wiki nzima. Yule hana tofauti na Jareth, sare, kiti, kicheko, wafuasi wajinga waliomzunguka. Tukamuamini kwa sababu Amrish Puri mwenyewe alimuamini. Hakukonyeza mtazamaji hata mara moja kumwambia unajua natania.

Hicho ndo kipimo changu kwa mwanamuziki yeyote anaeingia kwenye filamu ya vituko. Simuulizi kavaa nini, namuangalia usoni kama anajionea haya. Akijionea haya tu, ukubwa wa jina lake haumsaidii. Mwimbaji wa taarabu akisimama mbele ya kipaza sauti hasimami kama anasubiri daladala, kila kidole kina kazi yake, na akijionea haya hatunzwi. Bi Kidude alivyokuwa akifunga ngoma kiunoni mbele ya maelfu ya wageni, ulimuona anaomba radhi kwa mtu?

Bowie hakujionea haya, na hakujionea haya kwa sababu alisomea. Watu wanadhani alitoka kwenye muziki akarukia filamu, hapana. Alizaliwa David Jones, Brixton, London, 1947, na kabla hajapata jina, miaka ya 1967 na 68, alikuwa mwanafunzi wa Lindsay Kemp, mwalimu wa kucheza kwa mwili bila maneno, akapanda nae jukwaani akiwa kapakwa uso mweupe. Wale watu aliowatunga akawacheza jukwaani, akina Ziggy Stardust wa 1972, wote wametokea darasa lile. Yeye tangu mwanzo haimbi kama yeye, anaimba kama mtu fulani alomtunga, na huyo mtu ana mwendo wake na shingo yake na namna yake ya kugeuka. Mwaka 1980 alicheza tamthilia ya The Elephant Man kule Marekani mpaka Broadway, ni yule mtu aliyezaliwa na mwili uliopinda na uso ulioharibika, na tamthilia ile inachezwa bila kubandikwa kitu usoni, mwili tu. Usiku baada ya usiku kaupinda mwili wake mwenyewe na sauti yake mpaka watu wakamuona mlemavu mbele yao. Mtu wa namna hiyo, mwanangu, si jina tu.

Turudi kwenye Labyrinth nikuoneshe kazi yenyewe, manake ulipocheka pale ilikupita.

Ile mipira ya kioo inayotembea kwenye vidole vyake, ikipanda ikishuka kama maji, unajua si mkono wake? Ni mkono wa Michael Moschen, bingwa wa kuchezea vitu, alikuwa kajikunyata nyuma ya Bowie kapitisha mkono wake mahala pa mkono wa Bowie, na haoni kitu, anaichezesha mipira kwa kugusa tu. Jaribu hata na ndimu mbili uone. Sasa Bowie kazi yake pale ni nini? Ni kuufanya mkono wa mtu mwengine uwe wake. Muangalie uso, jicho halishuki kwenye mpira kwa mashaka, bega limetulia, anazungumza na msichana kama mpira ule kazaliwa nao. Yule mfupi Hoggle nae ndani kuna mwanamke kavaa kile kiwiliwili, uso unaendeshwa na watu wengine wako kando kwa mitambo ya redio, Bowie alisema mwanzo ilimsumbua manake anazungumza na Hoggle, sauti inamjibu kutoka pembeni. Na kwenye wimbo wa Magic Dance, ule mlocheka nyote najua, sauti za kichanga kugugumia zile ni za Bowie mwenyewe, waliempeleka studio mtoto wa kweli akagoma kutoa sauti, ndo ikabidi mwenyewe aingie afanye. Nyota wa Let's Dance yuko mbele ya kipaza sauti analia agugu. Namheshimu kwa hilo kuliko hata kwa viwanja alivyojaza.

Halafu mwisho kabisa, zile ngazi zikishapasuka, Jareth kavaa meupe kachoka, anambembeleza Sarah aogope kidogo tu, apende kidogo tu, yeye atakuwa mtumwa wake. Hapo hakuna dansi wala kikaragosi. Sarah anatafuta maneno ya kwenye kitabu chake, kila mara ule mstari anausahau, halafu anaukumbuka, kwamba huna nguvu juu yangu. Ganda hapo kwenye uso wa Bowie. Ni uso wa mtu anaejua kakwisha na bado anatabasamu, anarusha mpira juu, anageuka bundi anaondoka. Miaka mingi nimewaonesha kipande hichi vijana ninaowafundisha kutengeneza filamu, nazima sauti kabisa, wanaelewa kila kitu.

Si kwamba haina makosa. Katikati inaburuta miguu, na kile kipande cha yale madude mekundu yanayong'oa vichwa vyao yakavirusha, unaona mipaka ya picha mbili zilivyogandishwa, kilikuwa kibaya siku ile na leo kibaya zaidi. Mwaka 1986 watu waliona makosa tu. Ilitoka Marekani tarehe 27 Juni, imegharimu kama dola milioni 25, pale Marekani haikufika hata milioni 13. Henson aliumia sana, hakuongoza tena filamu ndefu ya senema mpaka alipofariki Mei 1990.

Iliyoiokoa ni mikanda. Senema kubwa inakupa wiki mbili, watu wasipokuja wanakufungia, lakini mkanda unakaa nyumbani, mtoto anaumwa homa unamuwekea, mvua ya masika inanyesha unamuwekea, anautazama mara 40. Mkanda wa dukani kwa mjomba ulirudi kila mara umechakaa palepale, kwenye ile dansi ya ukumbini ya watu waliovaa vinyago, wasichana wa mtaa mzima walikuwa wanakirudisha nyuma kipande kile, mie nikiwa wa kwanza. Yule mama wa Kiingereza alikuwa anafanya hivohivo upande wa pili wa dunia. Hivi ndo filamu inavyopata wenyewe. Unajua tunavyosema ngoma ina wenyewe, basi na hizi ni filamu zenye wenyewe, hazina haja ya kupendwa na kila mtu. Kama Rocky Horror Picture Show ya 1975, ambayo yule mwanamuziki Meat Loaf anaingia na pikipiki akaimba wimbo mmoja akauliwa, ile nayo ilianguka ilipotoka, halafu kuanzia 1976 senema moja ya New York ikaanza kuionesha saa sita za usiku, watu wakaja wamevaa kama waigizaji, wanajibizana na skrini, wanarusha mchele kwenye harusi ya mle ndani. Wazungu waliona jambo jipya. Sisi tulikuwa tunaimba pamoja na skrini siku zote.

Umeniuliza Bowie kwa jumla, basi nikupitishe kidogo. Filamu yake kubwa ya kwanza ni The Man Who Fell to Earth ya 1976, muongozaji Nicolas Roeg alimuona kwenye kipindi cha BBC akiwa kakaa nyuma ya gari, mweupe, mwembamba, hayuko hapa wala hayuko kule, akasema huyu ndo mgeni wangu wa kutoka sayari nyengine. Pale hakuna mbwembwe, pana ukiwa, na picha za filamu ile ndo alizoziweka kwenye makava ya albamu zake mbili, Station to Station na Low. The Hunger ya 1983, yeye na Catherine Deneuve ni wanyonya damu wa kitajiri, kuna kipande anakaa kwenye chumba cha kusubiri daktari anazeeka miaka kwa saa chache, kope kwa kope, hicho kipande ni kikubwa, filamu iliyobaki ni mapazia na moshi. Usiitazame na wazazi. Mwaka huohuo akacheza Merry Christmas Mr. Lawrence ya Nagisa Oshima, kambi ya wafungwa wa vita ya Wajapani huko Java, na aliekuwa mkubwa wa kambi nae ni mwanamuziki, Ryuichi Sakamoto. Oshima alimtaka baada ya kumuona kwenye ile tamthilia ya The Elephant Man. Hii ndo bora yake yote, mie nasema hivyo bila kusita, na imekaa mbali kabisa na vituko. Na bado mwaka huohuo anatokeza kidogo kwenye Yellowbeard, vichekesho vya maharamia, kafungwa pezi la papa mgongoni. Wapelekee hiyo wazee wa Jaws Corner.

Absolute Beginners ya 1986 anacheza dansi juu ya mashine kubwa ya taipu, kipande kile kizuri, filamu imemshinda muongozaji. Baadae alikuwa Pontio Pilato kwenye filamu ya muongozaji Scorsese, alikuwa mchoraji Andy Warhol kwenye Basquiat ya 1996 akivaa mawigi ya Warhol mwenyewe, na 2001 kwenye Zoolander anajitokeza kuwa yeye mwenyewe, Bowie, hakimu wa mashindano ya kutembea kwa mikogo. Mwaka 2006 ni Tesla, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme, kwenye The Prestige, alipokataa mara ya kwanza muongozaji Christopher Nolan alipanda ndege kwenda kumuomba uso kwa uso. Muangalie anavyoingia mle, anapita katikati ya radi za umeme taratibu. Kisogo kilekile cha Jareth, miaka 20 baadae, ila sasa mbwembwe zote kazimeza ndani.

Wanamuziki wenzake wengi walijaribu filamu. Sting kwenye Dune ya 1984 anatoka kwenye mvuke kavaa chupi ya mabawa, uso umemkaza, nae hajionei haya lakini hakupewa kitu cha kufanya zaidi ya kuonekana. Tina Turner, huyo nampa saluti, Mad Max Beyond Thunderdome ya 1985, gauni la minyororo la zaidi ya kilo 50 mwilini, na anatawala jangwa kama kazaliwa malkia pale. Gene Simmons wa KISS alijaribu zaidi ya wote, mwaka 1978 yeye na bendi nzima walipiga filamu ya televisheni na kampuni ya katuni ya Hanna-Barbera, KISS na mazimwi kwenye bustani ya michezo, mwenzao Peter Criss hata sauti si yake, walimuwekea ya mtu mwengine. Halafu 1987 kwenye Wanted: Dead or Alive wakamfanya gaidi wa kiarabu jina Malak Al Rahim. Hapa sicheki na sisamehi. Mbwembwe za Jareth hazimuumizi mtu, jini si jirani wa mtu. Ukimvisha mtu jina la watu wetu ukamfanya muuaji bila sababu wala nyumba wala mama, hizo si mbwembwe, hiyo ni dharau, na watoto wetu waliikodi ile filamu wakaitazama wakiwa na majina hayohayo.

Kwa kazi yako basi. Freddie hakuwahi kuwa mwigizaji wa filamu, lakini Queen ndo waliotia muziki Flash Gordon ya 1980, filamu ya mbwembwe tupu, na nyimbo zao zimo ndani ya Highlander ya 1986, kwaiyo mgeni akikuuliza una la kumwambia. Yeye na Bowie waliimba pamoja Under Pressure mwaka 1981, walikutana studio huko Montreux, Uswisi. Na Freddie alipofariki, kwenye lile tamasha la kumkumbuka Wembley, Aprili 1992, Bowie alipiga goti mbele ya uwanja mzima akasoma dua ya kikristo. Watu wengine walimcheka siku ile pia.

Usiku huu kaa peke yako bila wenzako, anza na dakika kumi za mwanzo, halafu ruka mpaka ukumbi wa vinyago, halafu zile ngazi na mwisho wake. Ule mkanda wangu wa 1988 bado upo kabatini, mashine ya kuuchezea iliharibika zamani. Ukisikia mtu anayo inayofanya kazi, hata kama ni Wete, nijulishe nitakuja nao.